Washington na watoto likizo ya machipuko: pangeni safari kwa miguu ya mdogo

Kosa letu la kwanza lilikuwa la ramani. Tulikuwa tumekaa mezani nyumbani Ohio, mume wangu akaweka kidole kwenye jengo la Bunge, akakiburuta hadi kwenye kumbukumbu ya Rais Lincoln, akasema, "Haya ni matembezi ya asubuhi tu." Ramani haikutuambia kwamba ule uwanja wanaouita National Mall una urefu wa zaidi ya kilomita 3, wala kwamba mtoto wa miaka 5 hugoma katikati. Wetu aligomea karibu na Mnara wa Washington, ule mrefu. Alikaa chini kwenye changarawe, akavua viatu, basi. Baba yake akambeba mgongoni njia yote iliyobaki. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, kila baada ya hatua kumi alisema, "Nami nilidhani Marekani watu hupanda magari."

Hiyo ilikuwa 2023. Tumerudi tena baadaye kwa akili zaidi, na kwa kuwa kila ikikaribia ile wiki ya Machi au Aprili shule zikifungwa watu hunipigia simu kuuliza, wacha niandike.

Kanuni yangu ni moja: jambo kubwa moja kwa siku, nalo liwe asubuhi. Mchana rudini hotelini mkalale au watoto waogelee. Jioni, mkishapata nguvu, nendeni kwenye kumbukumbu za nje, kwa sababu Lincoln, Martin Luther King na wenzao hawafungiwi mlango. Ziko wazi saa 24 na usiku huwashwa taa. Lincoln usiku ni mwingine kabisa. Sanamu yake imekaa kwenye kiti, urefu wa karibu mita 6, watu wanapita kimya chini yake. Kwenye ngazi zake tafuteni pale palipochorwa maandishi, ndipo King aliposimama kuhutubia mwaka 1963. Usiku mtapasoma bila kusukumwa. Mchana mtakuwa mnasoma viatu vya watu.

Sasa pasi. Makumbusho ya Smithsonian, yaani yale ya taifa, hayatozi kiingilio, hata senti, na mengi unaingia tu kama unavyoingia sokoni, ila mkoba utakaguliwa. Lakini bure haina maana kwamba nafasi ipo. Makumbusho ya Anga, na yale ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, yanataka pasi yenye saa yako ya kuingia. Pasi nazo ni bure, mnazichukua kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, na mtu akikuuzia, huyo anakula pesa yako. Za Wamarekani Weusi hutoka takriban siku 30 kabla, asubuhi, na wiki ya likizo huisha haraka. Mimi niliweka kengele ya simu kama vile naamkia daku. Hesabuni vichwa vyote, hata cha mtoto wa kubebwa. Mkizikosa msikate tamaa, kuna nyingine hutolewa asubuhi ya siku yenyewe.

Mnara wa Washington una tiketi za mtandaoni kwa ada ya dola 1 kila moja, na lifti inawapandisha hadi juu. Mkizikosa, wala msisikitike sana. Simameni mbali kidogo mwaulize watoto: rangi ya jiwe inabadilika wapi? Sehemu ya chini ina weupe wake, juu yake weupe mwingine, kama kanzu iliyoungwa. Fedha ziliwaishia katika miaka ya 1850, siasa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, na walipoanza tena kujenga karibu miaka 25 baadaye jiwe lilitoka machimbo mengine. Mnara ukamalizika 1884, mita 169. Mwanangu wa kati aliufurahia huo mstari kuliko kitu chochote alichokiona siku ile, na hakutugharimu hata ile dola.

Hoteli: tulilala ng'ambo ya mto Potomac, upande wa Virginia, na kipimo changu ni kimoja, kituo cha treni kiwe dakika kumi kwa miguu ya mdogo. Gari liacheni. Maegesho mjini ni ghali na mtazunguka hadi mgombane. Kwenye treni, kila mtu awe na kadi yake, nanyi mnaigusisha mkiingia na mkitoka. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi, mtu mzima mmoja anaruhusiwa wawili. Kwenye ngazi za umeme simameni kulia, kushoto ni kwa wenye haraka, na hawaoni haya kuwakumbusha. Ndani hakuliwi wala hakunywiwi. Mama mkwe alifungua kashata zake kituo cha pili tu, abiria mmoja akamwonyesha alama ukutani. Akazirudisha mkobani huku akininong'oneza, "Watu wa hapa wanafunga mwaka mzima?"

Bunge nalo lina ziara za bure, mnaweka nafasi mapema. Chakula na kinywaji haviingii, chupa ya maji lazima iwe tupu. Tangazo lilikuwepo, mimi ndiye sikulisoma, chapati sita zikaishia kwenye pipa mlangoni. Ikulu tuliitazama kwa nje. Mdogo akauliza, "Ndiyo hii tu?" Tukaondoka.

Makumbusho ya Anga ni ya watoto wenu, waacheni waongoze. Mkubwa wangu alisimama mbele ya ndege ya ndugu wa Wright ya 1903, mbao na kitambaa, kisha akaenda kutazama chombo kilichowarudisha watu wa Apollo 11 mwaka 1969. Akapiga hesabu kwa vidole: miaka 66. "Bibi ameipita hiyo," akasema. Bibi hakupendezwa.

Yale ya Wamarekani Weusi ndiyo ninayotaka muyape siku nzima ya nguvu, na hapa gawaneni. Historia iko chini ya ardhi, mnashuka kwa lifti kubwa hadi karne ya 15 kisha mnapanda taratibu hadi leo. Ni saa mbili tatu za kusimama na mambo mazito. Mume wangu alimchukua mdogo juu kwenye ghorofa ya muziki, kuna gari jekundu la Chuck Berry, wakamalizana huko. Mimi nikashuka na wawili wakubwa na bibi yao. Makumbusho huazima viti vya magurudumu bure. Mama mkwe alikataa katakata, "Mimi si mgonjwa," mpaka alipouona msururu wa watu.

Huko chini, penye mwanga hafifu, palikuwa na mapande ya chuma yaliyoliwa na chumvi. Yalitolewa baharini kutoka meli ya Kireno, São José, iliyotoka Msumbiji na watumwa zaidi ya 400 ikavunjika karibu na Cape Town Desemba 1794. Zaidi ya 200 walikufa maji. Mimi nilikuwa nahangaika kusoma kibao cha Kiingereza niwatafsirie, bibi yao akaniwahi. Marehemu baba mkwe alikuwa baharia wa jahazi, kwa hiyo mama mkwe hakuhitaji kibao.

"Hii ni farumi," akawaambia. "Chombo kikiwa chepesi huwekwa mzigo chini ili kisipinduke. Sisi tuliweka mawe, au mchanga."

Mkubwa akafikiri. "Lakini kilikuwa kimejaa watu, bibi."

"Watu ni shehena nyepesi, mjukuu wangu. Tena hupungua njiani."

Hakuna aliyesema kitu mpaka tulipofika ghorofa inayofuata. Vitu kama vile huazimwa na kurudishwa kwa wenyewe, sikuahidini kwamba mtavikuta. Ila kama mnaye mzee wa pwani nyumbani na anaweza safari, mpelekeni, na mtembee kwa mwendo wake.

Chakula: mkahawa wa makumbusho utawamaliza. Sisi hubeba cha kula nje kwenye nyasi (siku isiyo ya Bunge), na jioni moja tunakwenda kwa Wahabeshi mtaa wa U, kwa sababu Washington ina Waethiopia wengi mno na injera, mkate wao, wanaijua. Ukitaka halali, uliza kabla ya kuketi.

Maua ya micheri hayapangiki. Kwa kawaida hufikia kilele mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, lakini baridi na upepo ndivyo vinavyoamua. Tokyo ilileta miti zaidi ya 3,000 mwaka 1912, na ikichanua kando ya lile bwawa la Tidal Basin, nusu ya Marekani huwa pale pale. Nendeni alfajiri, na mchukue makoti, asubuhi ya Aprili kule bado inauma.

Siku ya kurudi sisi huondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, maana foleni za kule hazina huruma na Ohio ni karibu saa saba. Kadi za treni msizitupe. Zetu ziko kwenye droo ya jikoni pamoja na betri mbovu, na ile ya bibi ina salio bado. Kila akipiga simu kutoka Tanga huuliza kama kuna mtu ameitumia.