Mashine inapunja au bahati mbaya tu? Kupima wastani kwa t

Haya wakuu, somo nililoahidi hili hapa: kipimo cha t, njia ya kujua kama wastani wa sampuli ndogo umehama kweli au ni bahati tu. Mfuko wa unga umeandikwa kilo 2, yaani gramu 2000, supavaiza anahisi mashine inapunja, na kupima mifuko yote ya zamu haiwezekani.

Hatua ya 1: andika nadharia tete (dai unalokwenda kulipima) kabla hujagusa mizani. H0 (dai la kuanzia, kwamba mashine haina kosa) inasema wastani ni 2000, mpinzani wake anasema uko chini ya 2000. Nimesema KABLA.

2: kiwango cha kukosea, wengi wanaweka 0.05, yaani mashine isiyo na kosa unakubali kuisingizia mara 5 kwa 100.

3: okota mifuko 9 bila kuchagua, usichukue iliyofuatana, sambaza zamu nzima, na utoe uzito wa mfuko mtupu (hapa wengi wanajisahau). Tuseme wastani umekuja 1988, standadi devieshen (mifuko inavyotawanyika kuzunguka wastani) 18.

4: mzizi wa 9 ni 3, 18 gawa kwa 3 ni 6. 1988 toa 2000 ni −12, gawa kwa 6, t = −2.

5: jedwali la t, digrii za uhuru 8 (mifuko 9 toa 1), upande mmoja (tunatafuta upungufu tu), mpaka wa 0.05 ni −1.860. Yetu imeupita, H0 tunaikataa, aitwe fundi.

Hii t yenyewe ilizaliwa kiwandani, Gosset alikuwa mtu wa bia pale Guinness, Dublin, sampuli zake zilikuwa ndogo ndogo, akaichapisha 1908 kwa jina la Student maana kampuni haikutaka wafanyakazi watumie majina yao.

MASWALI

Mkuu mi nimetumia pande mbili nikakuta mpaka 2.306, mbona H0 haikataliki?

Uko sahihi kabisa. Ukiuliza "imehama?" bila kusema juu au chini, ile 0.05 inagawanywa pande mbili, mpaka unasogea mbali. Ndo maana nikasema kabla, ukichungulia data kwanza halafu ndo uchague upande, umeshajipendelea. Ningekuwa mwenye kiwanda ningepima pande mbili, unga ukizidi nao ni hela inaondoka.

Kwa hiyo kwa pande mbili mashine ni nzima?

Hapana, ushahidi haujatosha tu. Pima 36, wastani na devieshen zikibaki hizohizo, 18 gawa kwa 6 ni 3, t inakuwa −4, hapo hata kwa pande mbili H0 haichomoki.