Kupima lipasi kwa p-nitrofenili palmitati: siri iko kwenye kuchanganya

Nimeletewa lipasi (vimeng'enya vinavyovunja mafuta) nyingi zinazosemekana "zimekufa", kumbe kimeng'enya ni kizima. Kilichoharibika ni mchanganyiko wa esta, yaani p-nitrofenili palmitati, ambayo lipasi ikiivunja hutoa p-nitrofenoli ya njano tunayoipima. Fuateni hivi.

1. Yeyusha miligramu 30 za p-nitrofenili palmitati katika mililita 10 za isopropanoli. Ikisita, tia chupa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka isionekane punje hata moja. Methanoli iacheni: lipasi huweza kuitumia badala ya maji, na kasi utakayosoma haitakuwa ya kuvunja esta kwa maji peke yake.

2. Andaa mililita 90 za bafa (myeyusho unaoshikilia pH) ya fosfeti, milimola 50 kwa lita, pH 8. Yeyusha humo miligramu 207 za sodiamu deoksikolati na miligramu 100 za gundi arabiki.

3. Hapa ndipo wengi huanguka. Koroga bafa kwa nguvu, halafu dondosha isopropanoli yenye esta tone kwa tone. Mara yangu ya kwanza niliimimina yote kwa mkupuo. Vikaelea vipande vyeupe kama maziwa yaliyokatika, na usomaji ukawa unapanda na kushuka ovyo. Ikitoka sawa, ni ukungu mwepesi usiotuama. Itumie siku hiyohiyo.

4. Pasha mililita 2.4 hadi nyuzi 37, ongeza mililita 0.1 ya kimeng'enya, soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 410 baada ya dakika 15. Sambamba nayo weka sampuli yenye kimeng'enya kilichochemshwa, na usomaji wake uutoe kwenye usomaji wa kwanza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kimeng'enya changu kinapenda pH 6, lakini sioni njano.*
Njano ni ya p-nitrofenoli iliyopoteza protoni. Hata kwenye pH 7 iliyo hivyo haifiki nusu. Soma kwenye nanomita 348, ambako aina zote mbili, yenye protoni na isiyo nayo, hufyonza mwanga sawa, na utengeneze mstari wa viwango (usomaji wa p-nitrofenoli ya kiasi kinachojulikana) kwa bafa yako mwenyewe.

*p-Nitrofenili butirati si rahisi zaidi? Inayeyuka vizuri.*
Inayeyuka, ndiyo, lakini esterasi za kawaida (vimeng'enya vinavyovunja esta ambavyo si lipasi) nazo huikata, na yenyewe huvunjika polepole ndani ya bafa. Ukipata njano kwa butirati, usiandike "lipasi" kabla hujajaribu palmitati.

*Naweza kuongeza isopropanoli ukungu uishe?*
Usifanye hivyo, ndugu yangu. Lipasi hufanya kazi kwenye mpaka wa mafuta na maji, na pombe ikizidi kimeng'enya chenyewe kitadhoofika. Ongeza kukoroga.