Kumbukumbu ya kimbari darasani: anza na maisha

Mwalimu, ukifundisha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 nchini Rwanda, usianze na idadi ya waliouawa. Mpe kila mwanafunzi mtoto mmoja aliyeuawa wa kumkumbuka, aandike kwenye kadi jina lake, chakula alichokipenda na mchezo wake, kisha mzitundike ukutani Aprili 7, siku ya kumbukumbu. Chumba cha watoto kwenye makumbusho ya Gisozi, Kigali, hufanya hivyo hivyo. Mwanafunzi wa darasa la sita hawezi kushika hesabu ya mamia ya maelfu, ila mwenzake aliyependa chipsi anamwelewa mara moja, na inamuuma. Zoezi linaharibika wakibuni majina. Tumia watu halisi tu. Palipo na mtoto wa familia ya manusura, zungumza na wazazi kwanza. Kuigiza mauaji, hapana kabisa.