Skripti inanyimwa folda ya mtandao, na ruhusa zote zipo

Umeingia seva A kwa PowerShell Remoting (kuendesha amri za PowerShell kwenye kompyuta ya mbali). Skripti inakwenda vizuri hadi inapogusa `\\SEVA-B\programu`, kisha: "Access is denied". Ukikaa mbele ya seva A yenyewe, akaunti ileile inafungua folda hiyo bila shida. Tafadhali usikimbilie kuwapa Everyone (watumiaji wote) "Full Control"; utaacha mlango wazi na huenda kosa lisiondoke.

WinRM, huduma inayobeba kikao hicho (poti 5985, au 5986 kwa HTTPS), ikikutambua kwa Kerberos au NTLM (njia za Windows za kuthibitisha mtumiaji), seva A inajua wewe ni nani, lakini kwa kawaida haibaki na nywila wala tiketi ya kukuombea huduma kwingine. Ikifika seva B haina cha kuonyesha. Andika `klist` ndani ya kikao cha mbali: usipoona tiketi ya `krbtgt` (ndiyo ya kuombea tiketi nyingine), shuku hilo kwanza. Kisha fungua Event Viewer ya seva B, sehemu ya Security, tukio 4624 (mtu ameingia). Ukikuta ANONYMOUS LOGON (aliyeingia bila jina) saa ileile, umempata mkosaji.

Dawa ninayoiamini, kwa Windows Server 2012 kwenda mbele, ni kuiambia Active Directory (orodha ya akaunti na kompyuta za domeni) kwamba seva A inaruhusiwa kukuwakilisha mbele ya seva B:

`$a = Get-ADComputer SEVA-A`
`Set-ADComputer SEVA-B -PrincipalsAllowedToDelegateToAccount $a`

Angalia sana: amri ya pili hufuta orodha iliyokuwepo, kwa hiyo seva za zamani zitaje pamoja na hii mpya. Jibu la kukataliwa hukaa kwenye kumbukumbu dakika 15 hivi. Lifute kwenye seva A kwa `klist purge -li 0x3e7`. Akaunti iliyo kwenye kundi la Protected Users (zenye ulinzi wa ziada, haziwakilishwi na seva nyingine) haitapita kwa njia hii.

CredSSP, njia nyingine ya kuthibitisha, nayo inafanya kazi, ila inaikabidhi seva A nywila yako. Seva ikidukuliwa, nayo imekwenda. Kwenye Ansible (zana ya kuendesha seva nyingi kwa pamoja), tumia `become_method: runas` pamoja na akaunti na nywila yake.

Kama tukio 4624 la seva B linaonyesha jina sahihi na bado unakataliwa, hapo ndipo ukague ruhusa, tabaka zote mbili, ya share (folda inavyotolewa mtandaoni) na ya NTFS (mafaili kwenye diski): `Get-SmbShareAccess -Name programu`, kisha `icacls D:\programu`. Inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Share yenye Read tu itazuia kuandika hata NTFS ikiruhusu Modify.

Kazi inayoendeshwa na SYSTEM (akaunti ya ndani ya Windows) hufika mtandaoni kwa jina la kompyuta, `DOMENI\SEVA-A$`, basi ruhusa ipe hiyo. Na diski Z: uliyoiunganisha ukiwa mezani haionekani kwenye kikao cha mbali. Andika njia kamili, `\\SEVA-B\programu`.