Hita ya maji inavuja: tafuta kwanza maji yanakotokea

Baridi ya Juni na Julai ikishuka Arusha na Moshi, hita huwashwa asubuhi na jioni, na ndipo matone huonekana chini yake. Usikimbilie kununua mpya. Mara nyingi kinachovuja ni kifaa kidogo kinachobadilishwa kwa spana.

Anza na umeme. Kuzima swichi ya hita hakutoshi; shusha na breka yake, kisha hakikisha kwa tesita. Kama maji yanatoka kwenye kifuniko cha chini, palipo na nyaya, usiiguse hita wala kusimama kwenye maji kabla breka haijashuka. Hita ya kilowati 2 huvuta karibu ampea 9, na maji yakifika kwenye nyaya hizo yanaweza kuua.

Maji yakimwagika, funga geti valvu (koki ya kufungia) ya maji baridi, au funga kwenye simtanki kama haipo. Yakiwa matone tu, yaache wazi. Kausha hita yote, halafu zungushia vipande vya karatasi ya chooni kwenye maungio mawili ya juu ya fleksibo (mipira ya kuunganishia hita na mabomba), mdomo wa valvu ya usalama na ukingo wa kifuniko. Subiri nusu saa. Tone hutambaa kwenye bomba na kudondokea penye kona, hivyo dimbwi la sakafuni linadanganya. Amini karatasi iliyolowa iliyo juu kuliko zote.

Ikilowa ya valvu ya usalama, ile ya shaba yenye kimkono kidogo kwenye njia ya maji baridi, tulia kwanza. Lita 50 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka karibu robo tatu ya lita. Ndani ya valvu kuna kizuizi kisichoruhusu maji kurudi nyuma, kwa hiyo ziada hiyo hutokea mdomoni. Kudondosha wakati wa kupasha ndiyo kazi yake. Ifungie mpira mwembamba unaoteremka hadi kwenye shimo la maji, mwisho wake ukiwa wazi. Kamwe usiizibe kwa kijiti au plagi, wala usiweke koki kati yake na tanki: siku thermostati ikigoma kukata moto, presha haitakuwa na pa kutokea na tanki litapasuka.

Ikidondosha hata hita ikiwa baridi, inua kimkono mara mbili tatu, sekunde chache kila mara, maji yasukume mchanga ulionasa. Ikiendelea, angalia presha. Kila mita 10 za kimo ni bar 1 (bar ni kipimo cha presha), hivyo simtanki la mnara wa mita 6 halifiki hata bar 1. Hapo valvu imechoka. Nyumba inayopokea maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaa ni habari nyingine: miji yetu iko mtelemkoni, na usiku watu wakilala presha hupanda. Geji ya presha ikizidi bar 5, weka kipunguza presha na ukirekebishe bar 3. Valvu mpya iwe ya nusu inchi na ya bar zilizoandikwa kwenye hita, isizidi. Mshale wake uelekee tanki.

Maungio ni kazi fupi. Badilisha washa ya mpira, au zungusha tepu nyeupe ya mabomba (thread tape) mara 10 hadi 15 kufuata upande wa kukaza. Tumia spana mbili, moja ishikilie nipo, kipande kifupi cha bomba kinachotokeza kwenye hita. Imechomelewa kwenye tanki. Ukiipinda, unapasua enameli ya ndani, utando unaokinga chuma na kutu.

Maji ya kwenye kifuniko kwa kawaida ni gasketi (mpira wa kuzuia maji) ya elementi, chuma kinachopasha maji. Acha hita ipoe, funga maji baridi, fungua koki ya moto hewa iingie, kisha toa maji kwa kimkono cha valvu; lita 50 ni ndoo kubwa mbili na nusu. Piga picha ya nyaya, fungua nati, vuta elementi. Kwangua ukoko, weka gasketi mpya, na ukague ufito wa magnesiamu: ukibaki kama waya, badilisha, maana ndio unaoliwa na kutu badala ya tanki. Kaza nati kwa kupishana. Jaza maji mpaka koki ya moto itiririke bila kukohoa, acha saa moja, ndipo urudishe kifuniko na umeme. Elementi ikiwashwa kavu huungua mara moja.

Maji ya rangi ya kutu yakitoka katikati ya ganda, tanki limetoboka. Kuchomelea huunguza enameli pembeni na tundu jipya hutokea karibu. Hapo nunua nyingine, na kabla ya kuitundika kagua ukuta: ya lita 80 ikijaa hukaribia kilo 100, na bolti za tofali lenye matundu zinahitaji kupita upande wa pili na kufungwa kwa sahani ya chuma.