Kabla Hujanunua Chakula cha Mwezi Mzima

Kwanza fungua makabati yako, ujue kilichopo, ndipo uandike orodha. Usiende kununua ukiwa na njaa. Linganisha bei kwa kilo, maana pakiti kubwa si lazima iwe nafuu. Soda na juisi za sukari, futa kabisa.

Ukibana matumizi, usiibane mikunde. Maharage makavu yana gramu 20 hivi za protini katika kila gramu 100, na yakiliwa na nafaka, kinachopungua huku kinapatikana kule. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha yachemke kwelikweli. Yale mekundu yakiiva nusunusu yanatapisha. Weka na tunda chachu kando, vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai isubiri, kwa sababu inafanya kinyume chake.

Sasa tuje kwenye kununua kwa jumla, maana hapa ndipo nimeona watu wakilia. Jirani yangu alichangishana na dada yake wakanunua gunia la mahindi kwa bei ya kutupa. Muuzaji aliapa kwamba yamekauka. Wakaliweka chini kwenye saruji, limeegemea ukuta. Wiki kadhaa baadaye jirani akatia mkono ndani, akakutana na joto. Punje za chini zilikuwa zimeshikana mabonge, zina ukungu wa kijani. Dada mtu akasema yaoshwe, yaanikwe, yasagwe, moto utamaliza kazi. Thubutu! Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kuosha wala kwa mapishi ya kawaida, na ukiila kidogo kidogo kwa muda mrefu inaweza kukuletea saratani ya ini. Mifugo nayo usiipe. Ng'ombe akila, sumu inafika mpaka kwenye maziwa. Gunia lote likatupwa, na ndugu wale wakanuniana kwa muda mrefu kuliko huo mwezi waliotaka kuuokoa.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hela, chukua chupa ya kioo iliyo kavu na yenye kifuniko. Tia punje kiasi, ongeza chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, tikisa vizuri, uache itulie kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu: yaache. Ikianguka yote chini, nunua, lakini gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, na ulichungulie mara kwa mara. Karanga nazo zichambue. Zilizosinyaa au kubadilika rangi usizionje hata kwa utani.

Halafu kuna kopo lililovimba, unga wenye harufu ya uvundo, mafuta yasiyo na lebo, tarehe iliyofutwafutwa: vyote hivyo usinunue. Na muuzaji anayekuharakisha ulipe kabla hajakufungulia gunia, mwachie gunia lake.