Kupanga windo la kwanza la swala ukiwa mkazi wa Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuwinda swala kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanza na bunduki, ilhali bunduki ndiyo jambo la mwisho kumsumbua. Windo huharibika mapema zaidi: kwenye ramani iliyopitwa na wakati, kwenye leseni isiyosomwa mstari kwa mstari, na kwenye barafu ambayo hakuna aliyekumbuka kuinunua.

Anza na ardhi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, wanyamapori ni mali ya umma, lakini si kila pori la umma linawindwa. Hifadhi za taifa hazigusiki kabisa. Uwindaji unaoruhusiwa hufanyika kwa leseni katika mapori ya akiba, mapori tengefu, maeneo ya wazi (ardhi yenye wanyamapori iliyo nje ya hifadhi na mapori hayo) na maeneo ya jumuiya za hifadhi, na kila kundi kati ya hayo lina utaratibu wake; kwa mkazi wa kawaida asiye na kampuni ya kitalii, maeneo ya wazi ndiyo mahali pa kuulizia kwanza. Tahadhari ninayoirudia kwa kila anayeniuliza ni kutoitegemea simulizi ya mzee aliyewinda kusini mwa Rufiji miaka ya nyuma. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na Saadani, ambayo wazee wa Bagamoyo bado wanaikumbuka kama pori la akiba, ni hifadhi ya taifa tangu muongo wa kwanza wa karne hii. Mahali alipoangusha kuro wake yeye, wewe leo ungekamatwa.

Msimu hufunguliwa 1 Julai, hivyo shughuli za makaratasi zianze miezi kadhaa kabla. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA, ina makao yake makuu Morogoro, na kwa mtu wa Dar hiyo ni safari ya siku moja kwenda na kurudi. Hata hivyo, muone kwanza afisa wanyamapori wa wilaya unayokusudia kuwinda, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama eneo lake lina mgao wa wanyama mwaka huo na ni wa aina gani. Malipo yote yapitie kwenye kumbukumbu namba ya serikali, na risiti ibaki nawe. Mtu anayekuambia umtumie fedha kwenye simu yake ili "akusukumie faili" anakuuzia kesi.

Leseni ya silaha ni jambo lingine kabisa, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na hupitia polisi. Ni ya mtu na silaha yake. Haiazimwi kama jembe.

Leseni ya kuwinda ikitoka, isome ukiwa bado mezani kwa aliyeitoa. Angalia jina la eneo, aina ya mnyama, idadi, na tarehe ya mwisho. Safari yangu ya kwanza iliishia kijijini, chini ya mwembe, kwa sababu leseni niliyokuwa nayo ilitaja eneo la upande wa pili wa mto, na nilikuwa nimeikunja mfukoni kwa wiki mbili bila kuitazama. Askari wanyamapori aliyepangiwa kuandamana nasi aliisoma mara moja, akanirudishia, akaomba maji ya kunywa. Hakukuwa na la kubishana.

Kuhusu mnyama, namshauri anayeanza achague swala pala. Pofu ni mkubwa mno kwa watu wawili kumbeba, kongoni na pofu wana pembe dume na jike hivyo macho mageni hukosea kwa urahisi, na pongo hujificha vichakani hadi uvumilivu uishe. Kwa swala pala, mwenye pembe ni dume, na hapo nusu ya mashaka imekwisha. Nusu iliyobaki ni nidhamu: sheria inakataza kuwinda watoto na jike mwenye mtoto, na pia kuwinda usiku, kufyatua kutoka ndani ya gari, na kutumia mitego, sumu au mbwa.

Mazoezi ya shabaha yafanyike mahali palipoidhinishwa. Usijizoeze kulenga ukiwa umelala kifudifudi tu, kwa sababu nyasi za porini hazitakuruhusu. Chukua fito tatu zinazokufikia kidevuni, zifunge kwa juu kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, uzitanue kama kigoda na uweke bunduki kwenye njiapanda yake. Bunduki ya saizi ya .308 au .30-06 inatosha kwa swala pala. Jiwekee kikomo cha mita 100 na usikivuke, hata mwenzako akikunong'oneza kwamba inawezekana.

Porini, upepo ndio unaoamua njia. Weka majivu laini kwenye soksi kuukuu na uitikise kila baada ya hatua chache; yakirudi usoni kwako, endelea kuvizia, na yakielekea kwa swala, zunguka hata kama ni nusu saa. Wakati wa kiangazi swala pala hunywa maji karibu kila siku na hupenda ukingo kati ya msitu mwepesi na mbuga, kwa hiyo alfajiri na alasiri ndizo saa zenye tija. Ukisikia mkoromo mkali wa ghafla, umeonekana. Usikimbilie, simama bila kutikisika.

Subiri dume ageuke ubavu. Fuata mguu wa mbele kutoka chini kwenda juu, na risasi iingie nyuma tu ya mguu huo, kwenye theluthi ya chini ya kiwiliwili, palipo moyo na mapafu. Akikimbia baada ya risasi, weka alama mahali aliposimama, ukae dakika 15 kabla ya kufuata damu, kwani anayefukuzwa mapema huenda mbali zaidi.

Jambo ambalo vitabu vya wageni haviligusi ni uchinjaji. Katika msafara wa watu wa Pwani, amueni kabla ya kutoka Dar nani atashika kisu na kuchinja mnyama akiwa bado hai, maana nyama isiyochinjwa itakataliwa na nusu ya jamaa wanaoingoja. Toa matumbo ndani ya nusu saa, kwa sababu joto halisubiri. Kwenye miguu ya nyuma, juu kidogo ya kwato, swala pala ana vishungi vyeusi vyenye tezi. Ukivishika, nawa mikono na uoshe kisu kabla ya kugusa nyama. Na mzoga mliokuta umekwisha kufa msiuguse hata kwa kisu, kwa sababu ya kimeta.

Barafu ya mabonge inunuliwe Feri usiku wa kuamkia safari, ipangwe kwenye madeli mawili makubwa, na madeli yasifunguliwe njiani kutafuta soda. Vaa nguo za rangi ya nyasi kavu: mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, na mashati ya buluu ya wageni wa kuwinda ndiyo burudani ya maaskari.

Mnyama akishaanguka, jaza leseni papo hapo mbele ya askari. Nyama bila karatasi ni nyara za serikali, na kwenye kizuizi cha barabarani saa tatu usiku, huku damu ikichuruzika kwenye bampa, hakuna maelezo yanayoshinda hati iliyojazwa. Nyama hiyo ni ya kula na kugawa; kuuza kuna leseni na bucha zake, chini ya kanuni za 2020. Pembe nazo ombea hati ya umiliki kabla ya kuzipigilia ukutani.